Lori Liko Wapi, Mwanangu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Ijumaa, baada ya alasiri

Hawa mwanangu,

Umetoka hapa umenuna, umekwenda Magomeni kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa mkekani nakuandikia barua utakayoisoma kesho ndani ya treni. Najua ni kichekesho, mtu kumwandikia mwanawe atakayerudi nyumbani kabla ya magharibi. Lakini jana tulijaribu kusema kwa mdomo na uliona tulivyoishia. Wewe ulibamiza mlango, mimi nikaunguza maharage, baba yako akala mkate mkavu bila kuuliza neno. Karatasi angalau haina mlango wa kubamiza.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Hayo shangazi yako atakuwa ameshakumalizia, na kama hakuyasema basi anaumwa. Nataka tuzungumze habari ya ile insha yako tu, na mambo yangu mwenyewe yanayofanana nayo.

Mmeambiwa kila mwanafunzi mpya afike Morogoro na maandishi juu ya kazi moja anayoijua kwa macho yake, na mwalimu wa hifadhi ya mazao atayasoma na kuchagua wachache wa kuzunguka naye vijijini katika utafiti wake. Tangu siku ile barua ya chuo ilipofika hujataka kitu kingine. Hata sare hukuuliza, uliuliza habari ya mwalimu huyo. Nami sikuwa na wasiwasi. Umekuwa karani wa mizani pale shimoni, chini ya soko letu, muda wote uliotakiwa kufanya kazi kabla ya kwenda chuo. Umeshika nyanya nyingi kuliko vitabu. Nikasema moyoni, huyu kashapita.

Kisha ukanipa niisome. Nakunukuu, usinune tena: "Imebainika kwamba uharibikaji wa mazao yatokanayo na kilimo cha mbogamboga umekuwa ukichangiwa kwa kiasi kikubwa na ucheleweshwaji wa usafirishwaji unaotokana na sababu mbalimbali zilizo nje ya uwezo wa wahusika."

Mara ya kwanza nilidhani nimechoka. Mara ya pili nikavaa miwani. Nikatafuta nyanya, sikuiona. Nikatafuta mtu yeyote mwenye mikono na miguu, nikaambulia "wahusika". Na mimi nilikuwa nimeshakusikia ukilisema jambo hilo hilo hapa hapa sebuleni, tulipokuwa tunakula ugali wa yanga, ule wa unga wa njano, umeinua tonge hewani:

"Mama, watu wanasema nyanya zinaoza shimoni. Uongo! Zinaoza Chalinze. Lori linasimama pale kutwa kucha linangoja karatasi ya kupita, jua linawaka, tenga la chini limebeba uzito wa yote ya juu. Zikifika kwetu tunapokea mchuzi!"

Baba yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sijapata kusimama Chalinze zaidi ya kununua machungwa dirishani mwa basi, lakini siku ile nililiona lori lako, na turubai lake, na maji mekundu yanadondoka chini. Ndiyo maana jana nilikuuliza, "Lori liko wapi, mwanangu?" Nilikuuliza kwa nia njema. Sauti yangu, nakubali, haikuwa na nia njema hata kidogo.

Ukanijibu, "Mama, nikiandika ninavyosema watacheka. Watasema huyu katoka sokoni."

Nami, kwa ulimi wangu huu usio na breki, nikasema, "Kwani hukutoka sokoni?"

Nilidhani natania. Ndipo ukanieleza habari ya yule mwalimu wa sekondari aliyesimama mbele ya darasa akaisoma insha yako kwa sauti ya mwuza vitumbua, wenzako wakaangua kicheko, kisha akakuandikia kwa wino mwekundu kwamba hiyo ni lugha ya vibarazani. Miaka yote hiyo umekaa nalo moyoni. Mimi nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika nusu ya maisha yangu, mwanangu wa kumzaa anachekwa kwa sababu ya maandishi yake, na sina habari. Iliniuma, Hawa. Hata sasa inaniuma, na huyo mwalimu nikikutana naye Mnazi Mmoja simwamkii.

Halafu ukamalizia: "Na wewe mwenyewe unaandika hivyo hivyo. Nimeziona ripoti zako." Hapo ulinipata barabara. Wiki hii tu nimeandika "utekelezaji wa zoezi la uhamasishaji", na nilichokuwa nataka kusema ni kwamba tulipita nyumba kwa nyumba tukawaomba watu waje darasani. Kwa hiyo usiisome barua hii kama ya mtu aliyekwisha kupona. Isome kama ya mgonjwa mwenzio aliyetangulia kuugua.

Hadithi ya "waondolewe" unaijua. Mjomba wako huisimulia kila Idi akishashiba, na nyote mnacheka, na mimi nacheka nanyi. Lakini mjomba huanzia pale makarai yalipopakiwa, kwa sababu hapo ndipo penye vituko. Mimi nataka uanzie mwanzo.

Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu, bado mbichi. Utafiti wangu wa mwisho ulihusu wanawake wanaokaanga samaki pale Feri, na mmoja wao alikuwa Bibi Tatu, mama yangu mkubwa, aliyenilea. Unamkumbuka kwa ile harufu ya mafuta kwenye kanga zake. Walikuwa wanakaanga juani, mvua ikinyesha wanafunika karai kwa sinia na kujifunika wenyewe kwa gunia. Walitaka kitu kimoja tu, wajengewe banda. Nikawaahidi kwamba ripoti yangu italisema hilo, na nakala itakwenda ofisi ya mji.

Ripoti ilipokwisha kupigwa chapa nikaenda kuwasomea. Nilisimama kati ya meko nikasoma kurasa za mapendekezo, kwa sauti. Wakaacha kugeuza samaki. Nilipomaliza, Bibi Tatu akafuta macho, sijui kwa moshi au kwa nini, akawaambia wenzake:

"Jamani, mtoto kasoma huyu! Sikuambulia hata neno moja!"

Alisema kwa furaha, Hawa. Hakuwa ananisimanga. Wote wakaitikia, eh, kasoma, maneno mazito hayo, serikali lazima itatetemeka. Wakanifungia vibua kwenye gazeti nipeleke nyumbani. Nami nikatembea kutoka Kivukoni mpaka Kariakoo sifa zimenipanda kichwani, kwa sababu watu niliokuwa nawaandikia hawakunielewa na wamenipongeza. Huyo mwalimu wako alikuumiza kwa kicheko. Mimi niliharibiwa na sifa, na nadhani sifa inakawia zaidi kutoka mwilini.

Sentensi yenyewe naijua kwa moyo mpaka leo: "Inapendekezwa kwamba wakaangaji hao waondolewe, kwa kuzingatia mazingira halisi ya utendaji wao wa kila siku, na kwa kutambua mchango wao usiopingika katika ujenzi wa taifa letu changa, na kwa kuwa suala hili limekuwa likijadiliwa kwa muda mrefu bila kupatiwa ufumbuzi wa kudumu, adha ya jua na mvua."

Umeona kilichotokea? "Waondolewe adha." Maana niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa safi kabisa. Lakini kati ya "waondolewe" na "adha" nilipanga maneno kama abiria wa sikukuu, na mpiga chapa naye akageuza ukurasa katikati. Chini ya ukurasa wa kwanza palisomeka kwamba wakaangaji hao waondolewe. Adha ilikuwa ng'ambo ya pili, na nani anafunua?

Wakaondolewa. Wanaume walikuja na gari wakamwaga mafuta, wakapakia meko na makarai, na Bibi Tatu, hapa ndipo mjomba anapowavunja mbavu, akaling'ang'ania karai lake akapakiwa nalo mpaka ofisini. Mjomba haelezi habari ya wiki zilizofuata, wanawake wale walipokaa majumbani bila kazi. Siku hizo nilipita njia za nyuma ili nisikutane nao. Kumbe nao walikuwa wananitafuta. Walitaka niwaandikie tena.

Nilikwenda ofisini. Bwana aliyenipokea hakuwa mtu mbaya, na ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi zaidi. Alitoa ripoti yangu, amepiga mstari chini ya neno.

"Ndugu Mwalimu," akasema, "si wewe uliyeandika waondolewe?"

"Endelea kusoma," nikamwambia.

"Niendelee mpaka wapi?"

Nikamfunulia ukurasa wa pili. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena huku kidole kikifuata mstari, kisha akaniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau. Akasogeza karatasi tupu. Nikaandika: "Wakaangaji wabaki walipo. Wanaomba wajengewe banda." Niliona aibu ya kuandika maneno mepesi namna ile chini ya jina langu na stashahada yangu. Yaani hata siku ile, na Bibi Tatu kakaa nje kwenye benchi na karai mapajani, nilikuwa bado nawaza nitaonekanaje.

Banda likajengwa baadaye, la makuti, si haba. Lakini Bibi Tatu hakuacha kuieleza habari ile kwa namna yake. Alisema yule bwana hakuielewa ripoti kwa sababu hakusoma kufikia kiwango cha mtoto wake. Alisema hivyo kwenye misiba na kwenye harusi, mpaka alipofariki, na mimi nikimwacha aseme.

Sasa turudi kwako. Usije ukadhani nakuambia uandike kifupi. Hilo nalo nililifanya. Baada ya mkasa ule niliogopa sentensi kama mtoto aliyeunguzwa, nikawa naandika ripoti zinazofanana na simu ya maandishi. Darasa limefunguliwa. Watu wamekuja. Taa hakuna. Mkubwa wangu akaniita akaniuliza kama tumegombana. Alikuwa na haki. Watu walikuja ingawa taa hazikuwapo, au walikuja mpaka taa zilipokwisha mafuta, na hayo ni mambo mawili tofauti, lakini mimi nilikuwa nimevikata viungo vyote na kumwachia yeye aunge. Sentensi ndefu haina ubaya ikiwa msomaji anajua kila wakati nani anafanya nini. Yako ile ya kwanza haikunishinda kwa urefu. Ilinishinda kwa sababu hapakuwa na anayefanya.

Wala sikukatazi maneno makubwa. Ulipoandika "mnyauko" nilifurahi, maana mnyauko ni ugonjwa wenyewe kwa jina lake, na ukisema "kunyong'onyea" utamdanganya mtu wa kilimo. Neno linalotaja kitu ambacho neno jingine halikitaji, lishike hata kama lina pembe. Ninayoyaogopa mimi ni yale tunayoyavaa kama kanzu ya kuazima. Utalijua la kuazima ukijisomea kwa sauti huku unapika, kwa sababu litakukwama kooni. Mimi hufanya hivyo siku nisizokuwa na kiburi.

Na "imebainika" hiyo. Imebainika kwa nani, Hawa? Kama ni wewe uliyeona, sema umeona. Kama ni dereva aliyekueleza, sema dereva alinieleza. Nilipokuwa naandika habari za Feri nilisema "kwa ujumla wakaangaji ni wachache asubuhi," na ukweli ni kwamba nilikwenda asubuhi moja tu, siku ya maziko ya mwenzao, wengi hawakuja. Ule "ujumla" ulikuwa asubuhi yangu moja iliyovaa suti. Wewe ulipopanda lori ukaenda Mgeta, kwenye mashamba ya nyanya, na kurudi, ulikaa mwenyewe pale Chalinze ukaona. Habari za safari nyingine zote umezipata kwa madereva. Hilo halikupunguzii kitu ukilisema. Litakupunguzia ukilificha.

Najua pia, nami si mtoto, kwamba kuna sababu nyingine iliyofanya lori lipotee katika insha yako. Ukiliweka lori, msomaji atauliza linangoja karatasi ya nani. "Sababu zilizo nje ya uwezo wa wahusika" haimkasirishi mtu yeyote duniani. Sikulaumu, nimeishi humo humo. Ninachokuambia ni kwamba huna haja ya kumshtaki mtu ambaye hukumwona. Lilisimama, lilingoja, nyanya zikavunda, hayo uliyaona. Anayechelewesha karatasi hukumwona, basi andika kwamba hukujua kwa nini inachelewa. "Sijui" ni neno zuri sana katika utafiti, na chuoni hawatakufundisha mapema, kwa hiyo ondoka nalo nyumbani.

Watakuwepo watakaocheka. Siwezi kukudanganya kwamba hawatakuwepo. Yule mwalimu wako ana ndugu zake kila chuo. Lakini nimefikiri tangu jana, nadhani alicheka kwa sababu alipoisoma aliona soko, akasikia watu, na hakutegemea kukutana nao ndani ya daftari. Huenda nakosea, huenda mimi ni mama tu. Ila nimesoma maandishi ya watu wengi na wachache sana walionifanya nione kitu nisichokuwa nacho mbele ya macho. Wewe uliniweka Chalinze na tonge la ugali wa yanga mkononi. Sitaki uende Morogoro ukaonyeshwe namna ya kulisahau hilo. Nataka usome kwa bidii, uongezewe juu yake kila ambacho mimi sina.

Insha yako sikuisahihisha. Kalamu nilikuwa nayo, na mkono uliniwasha, mwenyewe unanijua. Ningeiandika upya yote kabla hujafika Magomeni, ingekuwa nzuri, na ingekuwa yangu. Mwalimu angemchagua mama yako aende vijijini. Nimeiacha juu ya kabati kama ulivyoiacha. Ukiamua kwenda nayo hivyo ilivyo, nitakupakilia mandazi yale yale na nitakuja stesheni vile vile.

Umerudi sasa hivi. Nimeifunika barua kwa upindo wa kanga. Umesema shikamoo mama, nimeitikia marahaba mwanangu, hajambo shangazi yako, hajambo, na ya jana hakuna aliyeyagusa. Umeuliza kama kuna chai. Kisha nimekuona ukiinua mkono juu ya kabati, ukachukua makaratasi yako na kalamu ya baba yako bila kumwomba, ukaenda kukaa uani karibu na jiko. Nasikia unakata mistari. Mtu akikata mstari kwa hasira huwa na sauti yake.

Nimepiga moyo konde nisije kuchungulia.

Sasa umeniita:

"Mama! Nikisema matenga yaliyooza niliyahesabu mwenyewe, si watauliza niliyahesabu siku zipi?"

"Watauliza," nimekujibu.

"Basi niandike kabisa, au ningoje waniulize?"

"Andika kabisa. Na siku ambazo hukuhesabu, sema hukuhesabu."

"Haya."

Nimeandika maneno yako hapa mara tu ulipoyasema, nisije kuyasahau wala kuyatengeneza. Jana, Hawa, uliniambia watacheka. Leo umesema watauliza.

Mama yako